Tumpime kwanza: niliyoyasema kwenye kikao cha wazazi Tononoka kabla ya mashindano yetu ya kasi, nguvu na wepesi

Wengi mlinipigia simu mkasema hamkuweza kufika, mara kazi, mara mgonjwa, mara harusi, basi haya ndo niliyoyasema kama nilivyoyasema, someni na muwasomee walio nyumbani.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote? Sijasikia. Hamjambo? Haya, sasa ndo nimesikia.

Wazee wetu, kina mama, makocha wenzangu, vijana, na nyinyi watoto mulioketi kwenye mkeka hapa mbele ambao shughuli yenyewe ni yenu, shukrani sana kwa kuja. Sitazunguka. Jumamosi ijayo klabu yetu ina mashindano, na si yale ya kuzungusha watoto uwanja mpaka mmoja abaki. Tutapima vitu vitatu: kasi, nguvu na wepesi. Kuna waliouliza kwa nini hivyo vitatu, na kuna waliouliza vyamsaidia nini mtoto wa Mombasa, na ndo nimesimama hapa niwajibu.

Lakini kwanza na mimi niulize. Ni nani humu ndani ashawahi kuambiwa kwamba watu wa Pwani si watu wa mbio? Inueni mikono. Angalieni wenyewe. Geukeni nyuma muangalie. Na muangalie hapa mkekani, watoto wadogo hawa na wao wameinua, yaani mtoto hata darasa la tano hajafika na habari hiyo ashapewa!

Mama mmoja alinijia akaniambia mwanawe alikuwa anapenda mbio, mwalimu wake akamwambia mbio waachie watu wa bara wewe cheza mpira, na mtoto akaacha. Mimi nikamuuliza mama, huyo mwalimu alimpima? Alishika saa? Alitandaza tepu? La. Alimuangalia tu, akaangalia na atokako, akamaliza. Sasa jamani hukumu gani hiyo inatolewa kabla ya kesi kusikizwa? Tumpime kwanza. Akishindwa ashindwe kwa saa na kwa tepu, si kwa jina la mtaa wake. Tumpime kwanza!

Jambo la kwanza ni kasi, na hapa nataka wazee mnisaidie. Seraphino Antao mwamjua? Naona mzee pale atikisa kichwa, ndio, amjua. Vijana je? Kimya. Hilo ndo lanichoma moyo. Antao alizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka wa 1937, asili ya wazazi wake ni Goa, akakulia kwenye joto hili hili na upepo huu huu wa bahari. Mwaka wa 1962, hata uhuru hatujapata, bendera yetu yenyewe haijapandishwa, akaenda Perth kule Australia kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, joto kali mno, akashinda yadi 100. Watu hawajamaliza kupiga makofi akashinda na yadi 220. Dhahabu mbili. Na hizo ndo dhahabu za kwanza za Kenya kwenye riadha ya kimataifa. Za kwanza! Kabla ya Kip Keino. Kabla ya Wilson Kiprugut kutuletea medali ya kwanza ya Olimpiki, ile shaba ya mita 800 kule Tokyo 1964, na huko huko Tokyo aliyebeba bendera ya Kenya mbele ya ulimwengu alikuwa nani? Antao. Mtoto wa Mombasa.

Sasa niambieni. Dhahabu ya kwanza ya nchi nzima ililetwa na mtu wa hapa, tena kwa mbio fupi, halafu leo mtoto wa Majengo aambiwa mbio si zako. Vipi hivyo? Nawaheshimu ndugu zetu wa Iten na Eldoret na kazi waliyoifanya kwenye mbio ndefu hakuna wa kuigusa, lakini mbio si ndefu peke yake jamani.

Na baada ya Antao ikapita miaka, ikapita, ikapita, mbio hizo za kasi za Jumuiya ya Madola hakuna Mkenya aliyezichukua tena mpaka Birmingham mwaka wa 2022 Ferdinand Omanyala alipochukua mita 100. Hebu hesabuni. 1962 mpaka 2022. Miaka 60! Na Omanyala kabla ya kuingia mbio alikuwa akicheza raga, na huyo ndo Septemba 2021 pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, alikimbia sekunde 9.77 ikawa rekodi ya Afrika nzima. Kwa hivyo kasi alikuwa nayo siku zote, akikimbia nayo kwenye raga. Mimi hujiuliza, na naomba na nyinyi mujiulize mkifika nyumbani, kwa hiyo miaka 60 ni watoto wangapi wenye kasi walizaliwa Kisauni, Changamwe, Mtongwe, Old Town, wakakua, wakaoa, wakazeeka, na hakuna hata mmoja aliyesimama na saa akawaambia kimbia nikuone?

Sisi tutapima mita 30 tu. Kuna baba mmoja ashanilalamikia, ati ni fupi sana. Baba yangu, kwa mtoto mdogo mita 100 yapima zaidi vile anavyoivumilia kasi asipunguze mwisho, mita 30 ndo inakuonyesha anavyoondoka na anavyoongeza mwendo, na hiyo ndo tunayoitafuta kwanza. Na wale mliojitolea kushika saa, hapa nataka munisikize sana. Musisikilize kofi la mwenye kuanzisha mbio. Angalieni mkono. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo ukisimama mwisho wa mita 30 kofi lakufikia limeshachelewa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa mita 30 watoto huachana kwa hiyo hiyo sehemu ya kumi. Mmoja akisikiliza kofi na mwenzake akaangalia mkono, basi mtoto wa laini moja amedhulumiwa na hata mwenyewe hatajua. Kwenye mashindano makubwa mtu akiondoka kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya bastola ahesabiwa ameiba, manake yasemwa hakuna binadamu awezae kusikia na kuondoka haraka hivyo, sasa mwaona wenzetu wanavyoiheshimu hiyo sehemu ya kumi? Nasi tuiheshimu. Saa ya simu pia yafaa, bora macho yawe kwenye mkono.

Kila mtoto atakimbia mara mbili na katikati atapumzika, tena atapumzika kweli. Ile nguvu ya mara moja iliyoko kwenye misuli huisha kwa sekunde chache tu, hata 10 hazifiki, na kurudi kwake yataka dakika kama 3 mpaka 5. Kwa hivyo mkiona watoto wameketi kivulini musiseme makocha wamelala. Ndo kazi yenyewe hiyo.

Jambo la pili, nguvu. Ukisema nguvu watu hufikiria hamali wa Kongowea na gunia mgongoni, na wale wana nguvu hakuna abishae, lakini sisi twaitafuta nguvu ya ghafla, nguvu ya kuruka na ya kurusha, itoke yote kwa mara moja. Kutakuwa na kuruka mbele umesimama bila kukimbia. Kutakuwa na kurusha mpira mzito umepiga magoti, ili miguu isisaidie, tuone kifua na mgongo. Na kutakuwa na ukuta na chaki, na hii ndo mimi naipenda kuliko zote.

Yaani mtoto apaka chaki ncha za vidole, asimama ubavu kwa ukuta, miguu yote chini, anyoosha mkono mpaka mwisho, aacha alama. Hapo tumeshajua urefu wake. Halafu akunja magoti, mikono yarudi nyuma, aruka, apiga ukuta, alama ya pili hiyo. Twapima baina ya alama na alama. Mumeona uadilifu wake? Mfupi hana hasara, mrefu hana faida, kila mtu apimwa na urefu wake mwenyewe. Nimeona mtoto mfupi kuliko wote kundini akimshinda mrefu wa mbele yake kwa upana wa kiganja, na yule mrefu akarudi kuangalia ukuta mara mbili mara tatu hakuamini.

Na wale wenye mtoto ambaye ameugua, au mwembamba sana, au daktari alisema kitu kikawatisha, nataka niwape kisa cha Ray Ewry. Huyu alikuwa Mmarekani, alizaliwa 1873, akapata polio akiwa mdogo, akatumia kiti cha magurudumu, ikahofiwa kwamba miguu imekwisha. Akaanza kufanya mazoezi ya miguu mwenyewe, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Wakati huo Olimpiki ilikuwa na mashindano ya kuruka umesimama, kuruka juu, kuruka mbele na kuruka mara tatu. Mwaka wa 1900 Paris akashinda yote matatu, tena siku moja. Mwaka wa 1904 St. Louis akarudi akashinda yote matatu, na kule mbele aliruka mita 3.47 bila kukimbia hata hatua moja. Tandazeni tepu nyumbani leo muone mita 3.47 ni nini! Mwaka wa 1908 London akashinda mawili yaliyobaki. Dhahabu 8, miguu ile ile iliyosemwa imekwisha. Simwambii mtu ampuuze daktari, hapana, mtoto mwenye ugonjwa aje na ruhusa ya daktari wake na tutaifuata neno kwa neno. Nasema tu mtoto asipewe hukumu ya maisha akiwa na miaka 8.

Na kwa hapa kwetu mwamjua Julius Yego. Mkuki alijifunza kwa kuangalia video za YouTube, na mwaka wa 2015 Beijing akaurusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kuchukua dhahabu ya dunia kwa mchezo wa kurusha. Mkenya, kwa kurusha! Nani angeamini? Mwaka jana kulikuwa na barobaro mmoja wa Mikindani alikuja kwetu, mzito wa mwili, wenzake wamezoea kumcheka, kwenye mita 30 akawa wa mwisho na nikaona kabisa anatafuta viatu vyake aende zake. Tukamwambia subiri, bado mpira. Akapiga magoti, akauinua ule mpira mzito kifuani, akausukuma, mwenye tepu alikuwa amejisimamia zake mahali ambapo wengine wote walikuwa wanafikia ikabidi aruke pembeni usimpige. Uwanja mzima kimya, halafu kelele. Leo hii huyo kijana anafanya mazoezi ya tufe kila Jumamosi na hakosi. Tungepima kasi peke yake tungempoteza hivi hivi. Ndo maana nawaambia vitu vitatu, si kimoja. Tumpime kwanza, na tumpime kwa njia zaidi ya moja.

La tatu ni wepesi. Hapa nina furaha kwa sababu hapa ndo wasichana wetu watakuja kuwaonyesha kitu.

Koni tatu, mstari mmoja, mita 5 baina ya kila koni. Mtoto asimama kwenye koni ya katikati. Kocha amesimama mbele yake, anyoosha mkono, kulia au kushoto, mtoto hajui utakuwa upi mpaka auone. Akauona tu, aenda mita 5, agusa mstari kwa mkono, ageuka, mita 10 mpaka upande wa pili, agusa, ageuka, arudi amalizie katikati. Mita 20 zote na migeuko miwili. Yaonekana rahisi mpaka uione mwenyewe, wenye kasi kubwa huipita ile koni hatua mbili tatu ndo wakumbuke kusimama. Kusimama nako ni kipaji! Kuna anayejua kukimbia na hajui kusimama.

Msichana mmoja wa Likoni, mwembamba hivi, hajawahi kuwa kwenye klabu yoyote, aliletwa na dadake tu. Alipofika koni nilimuangalia miguu. Hatua zikawa fupi fupi ghafla, nyonga zikashuka, mkono ukagusa mstari na papo hapo mguu wa nje ushasukuma ardhi anarudi, hakuna hatua hata moja iliyopotea. Nikamuuliza umefundishwa na nani? Akasema hajafundishwa na mtu, yeye hucheza kati tu nyumbani. Kati! Mpira wa soksi umekulenga huku na huku, hukwepi umeungua. Mwaona? Watoto wetu wafanya mazoezi ya wepesi kila jioni vichochoroni na sisi twawaita waje ndani wanapiga kelele. Alishinda wavulana wa rika lake karibu wote, na wengine hapo walikuwa wanacheza mpira wa ligi ya mtaa.

Na kwa sababu nimetaja wasichana wacha niliseme hili wazi, manake kuna wazazi watanifuata pembeni baadaye kuniuliza na mimi napenda lisemwe mbele ya watu. Binti yako aje na hijabu yake. Aje na suruali yake ndefu na mikono mirefu. Hakuna atakayemwambia avue kitu, na akitokea wa kumwambia nijieni mimi. Mwaka wa 2006 kwenye michezo ya Asia kule Doha, Ruqaya Al Ghasara wa Bahrain alishinda dhahabu ya mita 200 amejistiri na hijabu kichwani. Mita 200, mbele ya Asia nzima. Sasa mita 30 yetu hapa itashindikana kwa nini? Tunalotaka tu ni kitambaa chepesi kilichobana vizuri kisimfunike macho akigeuka, na pini asiweke, pini zachoma. Kutakuwa na kina mama kwenye laini za wasichana, wao ndo watakaoshika tepu.

Naona saa yaenda lakini kuna moja lazima, nalo ni joto. Tutaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa tatu na nusu tumemaliza. Najua kuna wanaosema ni mapema mno Jumamosi. Mwakumbuka Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipokuja hapa Mombasa pale uwanja wa gofu kando ya bahari? Kenenisa Bekele alikuja ameshinda zile mbio ndefu miaka mitano mfululizo, hakuna aliyeweza kumgusa. Akakimbia vizuri, na mzunguko wa mwisho joto letu likamkamata, akasimama, akatoka, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Bekele yule! Na si yeye peke yake, wengi waliacha njiani siku hiyo. Kama joto la Mombasa na huu unyevu wake, ambapo jasho halikauki mwilini, lilimtoa njiani mtu kama yule, mwanangu na mwanao watakuwaje wakisimamishwa juani saa sita mchana? Wapo watu huandaa mashindano ya watoto mchana kwa sababu mgeni rasmi amechelewa. Hilo mimi siliungi mkono na kwenye klabu hii halitatokea. Mgeni akichelewa atakuta tumemaliza.

Mtoto aje amekula kitu chepesi mapema, uji au ndizi, si mahamri matano na mbaazi halafu akaruke. Aje na chupa ya maji yake. Madafu yatakuwepo, kuna mzee amejitolea Mungu amjaze kheri. Mtoto akisema kichwa chauma au asikia kizunguzungu, hapo hapo kivulini, nguo zilegezwe, maji mwilini, na mashindano kwake yameisha siku hiyo, hakuna kumwambia jikaze. Sikuambii kwa ubaya baba, lakini ukimwambia mwanao jikaze ana kizunguzungu nitakuomba utoke kando.

Sasa matokeo. Kila mtoto atapewa kadi, imeandikwa muda wake, mruko wake, mrusho wake, wepesi wake, na umri wake. Zawadi zitakuwepo kwa kila rika lakini kadi ndo kubwa, na tutapima tena baada ya miezi mitatu aone yeye mwenyewe amesogea wapi. Naomba msizilinganishe kadi za watoto wawili nyumbani. Watoto wawili wa miaka 13, mmoja ameshabaleghe na ana ndevu zaanza, mwengine bado sauti ni ya kitoto, huyo wa kwanza atamshinda mwenzake leo kwa kila kitu na hiyo haisemi chochote kuhusu wakiwa na miaka 18. Makocha wengi hapa mnajua vijana waliotamba wakiwa wadogo, halafu wenzao wakakua wakawafikia wakawapita. Yule mdogo tukimfukuza sai tumefukuza nani? Hatujui! Kwa hivyo hakuna wa kufukuzwa, na hakuna kuongopa umri, tafadhali leteni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki.

Vitu tunavyopungukiwa ni hivi. Tepu ndefu, tunayo moja na twataka tatu, fundi yeyote mwenye ya mita 30 atuazime. Chaki. Watu wa kushika saa, vijana wenye macho mazuri. Na watu wawili wa kufagia uwanja usiku wa Ijumaa, manake pale karibu na goli kuna vigae vya chupa na watoto wengine watakimbia pekupeku.

Meza ya kuandikisha ni ile pale mlangoni, hakuna kiingilio, hulipi kitu. Wa Likoni na Mtongwe muanze nyinyi kabla feri haijajaa watu wa jioni, halafu Kisauni, halafu Changamwe na Mikindani, na wa kisiwani mtasubiri kidogo mko karibu na nyumbani. Mwenye swali la afya ya mtoto asiliulize mezani mbele ya watu, aje kwangu hapa nyuma. Shukrani sana.